Kisu cha kambini na cha kuchongea: nunua chembamba, kazi za nguvu mwachie panga

Msomaji mmoja wa Morogoro kaniuliza swali refu, nalifupisha. Anapenda kupanda Uluguru na washkaji zake na kulala huko, na siku hizi kaanza kuchonga miko na vijiko vya mti. Anataka kisu kimoja kisichokunja cha kuchongea, kupikia na kuwashia moto, bajeti yake laki na nusu. Mtandaoni kaona kisu kirefu cheusi chenye meno ya msumeno mgongoni na dira kwenye mpini, kinauzwa elfu thelathini na tano. Rafiki yake kamwambia achana na hicho, nunua lile la Kimarekani la chuma kinene ambalo unapasulia gogo na halivunjiki. Kaka yake yuko Manchester, anarudi Desemba, anaweza kumbebea kitu. Na mwisho anauliza kama mwanae wa miaka tisa anaweza kuanza kuchonga naye.

Mkuu, jibu fupi nikupe kabisa maana najua nitaongea sana. Tafuta kisu chenye chuma cha urefu wa sentimita 9 hadi 11, unene wa milimita 2 hadi 2.5 na kikizidi sana 3, mgongo ulionyooka usio na meno, mpini mpana usio na mikato ya vidole, na ala ngumu inayokishika vizuri. Bei isizidi nusu ya bajeti yako. Hela inayobaki nunua mawe ya kunolea na panga kama huna, ila sidhani kama kuna mtu wa Morogoro hana panga.

Na hilo panga ndo mzizi wa jibu langu lote. Video nyingi za visu tunazoangalia zimetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, msitu wao ni misonobari na mibetula, kuni za nje zimelowa theluji, kwahiyo inabidi wapasue gogo kufikia mti mkavu wa ndani, na wengi wao hawatembei na panga. Ndo maana utawaona wanasimamisha kisu juu ya gogo na kukigonga mgongoni kwa kipande cha mti mpaka kipite chini. Kwa mtu wa namna hiyo kisu kinene kina maana yake. Sasa we unachukua ushauri wake unauleta kwenye mgunga mkavu wenye vifundo, mti ambao hata shoka linauheshimu, afu unataka kisu cha shubiri moja kikupasulie. Panga lako la kawaida lina unene wa milimita 2 na kidogo au 3, wala sio kinene, lakini kwa urefu wake na uzito ulioko mbele linakata na kupasua kuliko kisu chochote utakachonunua kwa laki tatu. Kazi za nguvu zina mwenyewe tayari. Kisu kibaki na kazi zake, yaani kuchonga, kukata nyama na nyanya, kuchongoa kigingi cha hema, kukata kamba, kuparua cheche kwenye kijiti cha chuma cha kuwashia moto.

Lile la rafiki yako nadhani nalijua, au lina ndugu zake. Ka-Bar BK2 mfano, chuma chake kina unene wa robo inchi, hiyo ni milimita 6 na zaidi, na linakaribia nusu kilo. Ni chuma kizuri sana, sikatai, mtu wa kubomolea milango atafurahi. Lakini jaribu kukatia karoti uone, haikatiki, inapasuka, kwasababu makali yameingia kidogo tu na unene wa nyuma umeshaanza kusukuma pande mbili. Kwenye mti inakuwa hivyo hivyo, ukitaka kutoa randa jembamba kama unyoya kwenye shingo ya kijiko kisu kinaruka juu au kinazama kuchana mti kufuata nyuzi zake. Na mkono unachoka. Kuchonga kijiko kimoja ni mikato mingi mno, uzito wa ziada utausikia kwenye kiwiko jioni.

Hicho cha elfu thelathini na tano chenye dira usinunue hata ukipewa punguzo. Mpini wenye dira mara nyingi una uwazi ndani wa kuwekea viberiti na ndoano, maana yake chuma cha kisu kinaishia pale shingoni, kimeshikwa na skrubu au gundi tu, na ukikikandamiza pembeni pale pale ndo kinapokatika, halafu mkono wako uko karibu. Na yale meno ya mgongoni, kwanza hayakati mti kama msumeno wa kweli maana yamechongwa kwa sura tu, pili kwenye kuchonga dole gumba la mkono wa pili linakaa mgongoni mwa kisu kukisukuma taratibu, huo ndo mshiko unaotumika kuliko yote. Weka meno hapo uone utasukuma na nini.

Urefu. Watu wanaona kisu kirefu ndo kisu cha kiume, sawa, lakini nguvu ya mkono inaishia karibu na mpini, kadri unavyokata mbali na mpini ndo unavyopoteza nguvu na ndo ncha inavyoenda inakotaka yenyewe. Kipimo rahisi ni upana wa kiganja chako, chuma kisizidi sana hapo. Kwa watu wengi inakuja kama sentimita 10. Kwa kuchonga peke yake hata 6 hadi 8 inatosha na ni tamu zaidi, ila kwa kuwa unataka hicho hicho kikatie na kitunguu, basi 10.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho wauzaji hawakisemi kabisa, mteremko wa makali, yaani chuma kinavyopungua kutoka unene wake mpaka kuwa wembe. Kuna visu ambavyo ubapa unabaki na unene wake mpaka karibu na chini, halafu unateremka mara moja kwa mstari ulionyooka mpaka kwenye makali, hakuna mteremko mwingine mdogo wa pili. Huo ndo mtindo wa Skandinavia, Wasweden na Wafini wanautumia kwenye visu vyao vya kazi, na kwa kuchonga mti hakuna unaoupita kwa mtu anayeanza. Sababu ni kwamba ule mteremko ni mpana, unaulaza juu ya mti na wenyewe unakuongoza, ukiinua mgongo kidogo kinazama, ukishusha kinatoka. Na kunoa vile vile, unalaza mteremko wote juu ya jiwe, hukisii pembe. Visu vingine vinateremka tangu mgongoni mpaka chini kama vya jikoni, hivyo ni bora zaidi kwa chakula na kwa mti sio vibaya. Vingine vimechimbwa pande zote mbili kama wembe wa kinyozi, vikali sana lakini makali yake ni mepesi, kwenye mti mgumu yanapinda. Hivyo vya mwisho acha.

Ila kuna jambo moja. Kisu cha Skandinavia pembe yake pande zote mbili kwa pamoja ni kwenye nyuzi 23 hadi 25 hivi, imepangwa kwa miti laini ya kwao. Ukiingia nayo kwenye mninga mkavu au mzeituni mwitu, siku ya kwanza tu utaona makali yanang'aa vidoti vidoti ukiyaelekeza kwenye taa, hizo ni sehemu zilizopinda au kumeguka. Watu wanalalamika kisu feki. Kisu hakina shida, pembe ndo nyembamba mno kwa mti huo. Dawa yake ukimaliza kunoa kwa kulaza, inua mgongo kidogo sana, kama unene wa sarafu mbili hivi, pitisha mara tatu nne kila upande kwenye jiwe laini bila kukandamiza. Unapata kipande kidogo cha makali kilichosimama zaidi ambacho kwa macho hata hukioni, na kisu kinaanza kuvumilia miti yetu.

Kuhusu chuma chenyewe watu wanagombana sana kwenye mitandao, namba na herufi nyingi, mi nitakwambia zinazokuhusu. Kuna chuma cha kaboni na kuna stenlesi. Stenlesi ni chuma chenye kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5 na kuendelea, ndo inayozuia kutu. Cha kaboni hakina hiyo, kinanoleka haraka na makali yake ni matamu lakini ukikatia limao ukakisahau nusu saa kimeshapiga weusi, na ukikiacha kwenye ala iliyolowa usiku mmoja asubuhi kina kutu. Ule weusi wa kijivu unaotokana na nyanya, vitunguu na maembe sio kutu, uache, unakisaidia kidogo kisishike kutu nyekundu. Uluguru kunanyesha na kuna ukungu muda wote, na we mwenyewe umesema unakipikia, kwahiyo kwako nasema stenlesi. Mtu wa Tanga, Bagamoyo au Unguja anayevulia samaki simshauri kabisa kaboni, chumvi ya bahari haina subira.

Kwenye stenlesi ukisikia 12C27 au 14C28N, hizo ni za Sweden, zina kaboni kwenye asilimia 0.6 na kromiamu 13 au 14, zinanoleka kirahisi hata na msasa na zinashika makali vizuri. Ugumu wake unapimwa kwa kipimo cha Rockwell, kwa kisu cha kazi namba 56 hadi 60 ndo unapopataka, chini ya hapo makali yanalala haraka, juu sana yanamegeka na kunoa inakuwa adhabu. 420 na 3Cr13 ni laini, ndo chuma cha visu vingi vya bei ya chini, kinanoleka kwa dakika mbili na kinaisha makali kwa dakika tatu. D2 utaikuta sana kwenye visu vya Kichina vya bei ya kati, ina kaboni asilimia 1.5 na kromiamu kama 12, inashika makali muda mrefu kweli, lakini ikishalala bila jiwe la almasi utatoka jasho, na kutu inashika pia pamoja na kromiamu yote hiyo. Hizo namba nyingine za vyuma vinavyotengenezwa kwa unga wa chuma, visu vya laki tano sita, waachie wanaokusanya visu.

Kwa kuwa kaka yako yuko Uingereza, kitu cha kumwagiza ni Mora Companion ya stenlesi. Ni kisu cha Sweden, mji wa Mora, eneo ambalo visu vinatengenezwa kiwandani tangu 1891. Chuma sentimita 10 na kidogo, unene milimita 2 na nusu, mpini wa plastiki wenye mpira, ala ya plastiki ngumu, na kisu na ala kwa pamoja havifiki robo kilo. Kule bei yake kwa kawaida ni kwenye pauni 15 hadi 25, kwa hela yetu chini ya laki. Mafundi ujenzi wa Sweden ndo wanatembea nacho kiunoni, wala sio kisu cha maonyesho. Kuna toleo la Heavy Duty lenye unene wa milimita 3.2, usichanganyikiwe, we chukua la kawaida. Kuna na Garberg ya kampuni hiyo hiyo, chuma kimepita mpini wote, mgongo umechongwa kabisa kwa ajili ya cheche, bei mara tatu nne ya hiyo, na bado unene wake ni ule ule wa 3.2 ambao kwa kijiko siutaki. Kama hela ipo bora achukue Companion pamoja na kile cha Mora cha kuchongea namba 120, chuma kifupi cha sentimita 6, mpini wa mti usiopakwa rangi. Visu viwili, na bado laki na nusu haijaisha au imezidi kidogo tu.

Utaambiwa Companion sio kisu maana chuma chake hakifiki mwisho wa mpini. Ni kweli hakifiki. Hoja hii inarudiwa sana na ina ukweli nusu. Kisu cha kugongwa na gogo au cha kubenulia vitu, ndiyo, kiwe na chuma kilichopita mpaka mwisho. Kisu cha kuchonga na kukata, mkia unaoingia robo tatu ya mpini na kushikwa vizuri unatosha miaka mingi, na Wafini visu vyao vya asili vina mkia mwembamba ndani ya mpini wa mti na wamewindia navyo vizazi na vizazi. Chuma kilichojaa mpini mzima kinaongeza uzito nyuma, na kwenye baridi kinaganda mkononi, ingawa hilo la mwisho litakuhusu ukipanda Kilimanjaro tu.

Sasa na wahunzi wetu je. Hapa nitakaa kidogo maana naona watu wanawadharau bila sababu, na wengine wanawasifia bila kuangalia. Gerezani pale Dar, Kamukunji Nairobi, Mamba kule Kilimanjaro ambako wamefua mikuki tangu enzi za mababu, ukienda na elfu ishirini thelathini unaweza kufuliwa kisu kwa springi ya lori. Na springi ya lori ni chuma kizuri, kina kaboni kama asilimia 0.6, kigumu na hakivunjiki ovyo. Shida inakuja sehemu tatu. Ya kwanza unene, springi ni nene na kuipunguza mpaka milimita 2.5 ni kazi, fundi anaachia 4 au 5 anakupa. Mwambie kabisa kabla hajaanza, mpelekee hata kisu cha jikoni kama kielelezo cha unene, na uwe tayari kumuongeza hela maana ni jasho lake. Ya pili ni kuzimisha, chuma kikiwa chekundu lazima kizimwe kwenye mafuta halafu kipashwe tena moto mdogo, nyuzi 200 na kidogo, mpaka kipate rangi ya majani makavu. Wengi wanazima kwenye maji na kuishia hapo, au hawazimi kabisa. Jaribu na tupa nzuri, ipitishe kwenye makali taratibu, ikiteleza chuma kimeiva, ikila chuma ni laini. Ya tatu grinda. Chuma kikishazimwa vizuri halafu kikanolewa na grinda bila kupoozwa maji, makali yanageuka bluu, na bluu hiyo ni joto la karibu nyuzi 300, ugumu wa pale umeshapungua. Ukiona bluu kwenye makali usikichukue, mwambie akate hiyo sehemu au aanze upya.

Fundi akizingatia hayo matatu unapata kisu cha kaboni ambacho hakina cha kuonea aibu mbele ya cha Sweden, na mpini unamchagulia mti mwenyewe. Sime usiichukue kwa kazi hii, imepanuka kuelekea ncha kwa ajili ya kufyeka, kuchongea inachosha.

Mpini ukiwa dukani au kwa fundi ushike kwa namna tofauti, wa kawaida, wa kugeuza makali yakuelekee wewe, wa kubana ubapa kwa vidole viwili. Ukiona unauma au unakulazimisha vidole vikae sehemu moja, hiyo ndo mikato ya vidole niliyokwambia uikimbie, imechongwa kwa mkono wa mtu mwingine. Na mpini mwembamba sana unaleta malengelenge kuliko mnene, watu hawaamini mpaka wachonge mchana mzima.

Kwenye moto, kama unatumia kile kijiti cha kuparua cheche, mgongo wa kisu lazima uwe na kona kali ya mraba. Companion haiji nayo, kona zake zimelainishwa. Chukua tupa au jiwe, sawazisha sentimita tatu nne za mgongo karibu na ncha mpaka kucha ikikwangua itoe unga mweupe. Usifanye mgongo wote, acha pale dole gumba linapokaa. Na beba kiberiti mkuu, kwenye ukungu wa Uluguru ushujaa wa cheche uufanye ukiwa umeshakunywa chai.

Kunoa. Hapa ndo hela yako iliyobaki inaenda. Jiwe la pande mbili, namba 400 na 1000 (namba kubwa ndo laini zaidi), linatosha, au kama hulipati nunua msasa wa maji wa 400, 800, 1000 na 2000, ubandike juu ya kioo au kipande cha tailizi kilichonyooka, mwaga maji, laza mteremko wa kisu bapa, sukuma kwa mbele kama unataka kumenya safu nyembamba ya msasa wenyewe... kwenye msasa mlaini vuta kwa nyuma maana ukisukuma utauchana. Endelea upande mmoja mpaka ukipitisha dole gumba kutoka mgongoni kwenda nje upande wa pili, usipitishe kufuata urefu wa makali, usikie kauzi ka chuma kamejikunja. Bila hako kauzi hujafika, hata kama umenoa saa nzima. Kakishatokea urefu wote geuza, fanya hivyo hivyo, panda kwenye msasa laini, malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume kwenye mkanda wa zamani wa ngozi uliopakwa Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba. Kiwe kinanyoa nywele za mkono. Baada ya hapo kambini unahitaji mkanda tu kila baada ya kazi ya saa moja hivi, jiwe unaligusa mara chache.

Yule kaka anayepita mtaani na baiskeli ya kunolea, mpe visu vya jikoni na mkasi, hiki usimpe. Gurudumu lake linaweka pembe mpya iliyosimama na ule mteremko wako wa Skandinavia ndo kwaheri, kuurudisha ni kazi ya siku nzima kwenye jiwe la 400.

Kukitunza, kifute kikavu kabla hujakirudisha kwenye ala, na ala yenyewe iwe kavu. Cha kaboni kipake mafuta ya nazi kidogo, hayakauki na kunata kama ya alizeti, na ukikatia nyama hayana madhara.

Vijiko vyenyewe umeniambia unachonga miti mikavu ya mabaki ya fremu. Acha. Mti mbichi unachongeka kirahisi mara nyingi zaidi, unachonga umbo lote ukiwa mbichi halafu unauacha ukauke taratibu ndani ya mfuko wa karatasi au kwenye maranda yake mwenyewe, wiki mbili tatu, ndo unarudi kumalizia. Anza na mpera uliopogolewa au jakaranda, usianze na mpingo, mpingo unazama kwenye maji ukajiulize kisu chako kitaufanya nini. Mti wenye utomvu mweupe usioujua usiuchonge kijiko cha kulia, na mnyaa usiuguse kabisa, maziwa yake yakiingia machoni ni hospitali. Na kule Uluguru ni hifadhi ya msitu iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, usikate mti uliosimama, beba kipande chako kutoka nyumbani kwako.

Tundu la kijiko kisu kilichonyooka hakikuchimbii. Kuna visu vilivyopinda kwa kazi hiyo, Mora wanacho pia, namba 164, kaka akipata nafasi akuletee. Bila hicho tumia kaa la moto, liweke pale unapotaka tundu, libane kwa kijiti na upulize taratibu, likishaunguza kidogo toa, kwangua majivu kwa ncha, weka lingine. Kwa mti mbichi inaenda polepole lakini haipasuki. Wachongaji wa Kimakonde pale Mwenge na Wakamba wa Wamunyu kule Kenya utawaona wanatoa umbo kubwa kwa tezo kwanza, kisu kinakuja mwishoni, na we fanya hivyo hivyo ila kwa panga lililonolewa vizuri, kata pembeni zote mpaka ibaki nusu sentimita kufika kwenye mstari uliochora, ndo ushike kisu.

Kaka yako mwambie mambo mawili. Uingereza lazima anunue akiwa na miaka 18 na kuendelea, na kisu kisichokunja hatakiwi kutembea nacho barabarani bila sababu ya msingi, kwahiyo kikifika kikae kwenye boksi lake mpaka siku ya safari. Na kiingie kwenye begi linaloenda chini ya ndege, limefungwa vizuri, akikisahau kwenye begi la mkononi kinabaki hapo uwanjani. We pia huku usikivae kiunoni stendi ya Msamvu ukidhani uko porini, kiweke ndani kabisa ya begi mpaka mfike mnapoanza kupanda.

Mwanao wa miaka tisa anaweza, mimi ningemuanzisha hata leo, kwa masharti. Kisu chake kiwe kidogo, kina makali kweli maana kisu butu ndo kinachoteleza, na ncha yake uizungushe kwa tupa iwe duara. Akae, viwiko juu ya magoti, anachonga mbele ya magoti na kamwe sio katikati ya mapaja, pale ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu ambao hata mtu mzima akiukata muda wa kumuwahisha ni mdogo mno. Makali yaende mbele kila mara mpaka atakapokuwa mkubwa, hakuna mtu ndani ya urefu wa mkono wake akinyoosha na kisu, na akitaka kusimama au kuongea na mtu kisu kinarudi kwenye ala kwanza. Kazi ya kwanza mpe achongoe vigingi vya hema vya mpera mbichi, vinne tu, akichoka aache hapo hapo hata kama hajamaliza, kidole kinakatwa mkono ukishachoka.